Makaburi ya Tongoni na Saruji Yetu

Kwa wazee wa kwetu, tongo ni mahali palipokuwa na nyumba, watu wakahama, kuta zikaanguka, na sasa pamebaki majani na labda mwembe mmoja unaoonyesha kwamba zamani palikuwa na watoto wa kuokota maembe. Tongoni kwa hiyo ni jina linalojieleza lenyewe. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko takriban kilomita 17 kusini mwa Tanga mjini, pembeni ya barabara iendayo Pangani, na karibu na ufuo wake, ng'ambo ya minazi, yako magofu ya msikiti mmoja na makaburi zaidi ya arobaini ambayo wengi wetu tuliyapita utotoni bila kujua kwamba hakuna mahali pengine katika pwani nzima ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo kama hapo.

Mimi niliyajua kwanza kwa salamu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akinichukua kila mwezi wa Shaabani kwenda kusafisha makaburi ya jamaa zetu katika kijiji cha jirani, na mara mbili au tatu tulikatisha njia kupitia magofuni. Alisimama pembeni ya ukuta, akaivuta kanga yake mbele ya paji la uso, akawasalimia waliomo kama anavyowasalimia walio hai, kisha akasoma Fatiha polepole. Nilimwuliza kama hawa nao ni wa kwetu. Akanijibu, "Si wa kwetu, mwanangu. Lakini wa kwao wako wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii, kwa namna fulani, imetokana na swali hilo, ingawa nimelifikia kwa kuzunguka sana, kupitia chokaa na saruji na kosa ambalo familia yetu ililifanya kwa mapenzi.

Nianze na vilivyopo. Msikiti wa Tongoni hauna paa tena, lakini mpangilio wake bado unasomeka: chumba cha kuswalia kilichogawanywa kwa nguzo, baraza za pembeni, na kibla chenye tao lililochongoka juu. Makaburi yanauzunguka. Yapo yaliyo na kuta za chini tu, yenye umbo la mstatili, zilizopambwa kwa vidirisha vipofu vilivyochongwa ukutani, na yapo takriban ishirini yaliyokuwa na nguzo, yaani mnara wa mawe uliosimamishwa upande mmoja wa kaburi, mwingine wenye pande nne, mwingine uliokatwa pembe ukawa na pande nane. Wataalamu huyaweka haya katika karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, na baadhi zimelala pale pale zilipoangukia, zikiwa zimekatika vipande kama shina la mnazi uliopigwa na dhoruba. Katika baadhi ya vipande hivyo utaona mashimo ya duara, yenye kina kidogo, ambamo zamani yalikaa mabakuli ya kaure.

Mtu anayeona mashimo hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni ya risasi au ya wadudu, na ni haki yake, kwa sababu mabakuli yenyewe hayapo. Wajenzi wa pwani walikuwa na desturi ya kuchukua vyombo vilivyokuja na majahazi kutoka Uajemi na China, vya rangi ya majani mabichi au vyeupe vyenye michoro ya buluu, na kuviweka katika lipu ya kaburi ikiwa bado mbichi, uso wa bakuli ukitazama nje. Desturi hiyo ilienea katika mwambao mzima: ipo Mambrui na Malindi, ipo Kunduchi karibu na Dar es Salaam, ipo Kaole kwa jirani wa Bagamoyo. Marehemu aliyezikwa chini ya nguzo hakuandikiwa jina mara nyingi. Lile kaburi la Gedi, mji wa kale wa pwani ya Kenya, lililochorwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, ni mojawapo ya machache yanayotuambia kwa maandishi lilijengwa lini. Kwa mengine, tarehe ilikuwa ndani ya bakuli, kwa kuwa anayejua vyombo vya China anaweza kukadiria ni zama gani bakuli lile lilichomwa tanuruni. Aliyelibandua kwa patasi ili akaliuze hakuchukua pambo tu, alilifuta kaburi tarehe yake.

Ujenzi wenyewe unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndani yake ndimo ulimo uponyaji wake. Kuta za makaburi hayo ni za mawe ya matumbawe, yale magumu yanayochimbwa ardhini, yakiwa yameshikanishwa kwa udongo wa chokaa. Sehemu za urembo, kama kingo za milango na matao na nakshi, zilichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa hai, ambayo fundi huweza kuyakata kama jibini yangali na maji, kisha hukauka hewani na kuwa magumu. Na chokaa pia ni matumbawe. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu yake, na tanu hiyo huwashwa moto na kuachwa iungue mpaka mawe yageuke meupe na mepesi. Yakishapoa huzimwa kwa maji, na chokaa inayopatikana huachwa shimoni ikiwa na unyevu, wiki nyingi au miezi, kabla haijachanganywa na mchanga. Kwa hiyo kaburi la Tongoni, tangu msingi hadi lipu, ni kitu kimoja: ni bahari iliyopitishwa katika mikono ya mafundi na katika moto. Ukuta wake hunyonya maji ya masika na kuyatoa tena wakati wa kiangazi, na kwa kuwa jiwe na kiungo chake vina ugumu unaokaribiana, hakuna kinachomvunja mwenziwe.

Waliozikwa pale walikuwa watu wa mji. Wareno waliuita mji huo kwa jina linalokaribia Mtangata, na ghuba yake inaitwa hivyo hadi leo. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama akielekea kaskazini kabla ya kufika Mombasa na Malindi, meli yake moja, São Rafael, ilikwama katika mafungu ya mchanga ya eneo hilo wakati maji yamekupwa. Walipokuwa wakisubiri maji yajae, watu wa pwani waliwaendea kwa vyombo vidogo, kimojawapo kikiwa kimejaa machungwa, ambayo mwandishi wa safari hiyo aliyasifu kuwa bora kuliko ya Ureno. Mwezi wa Januari 1499, wakirudi kutoka India mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, hawakuwa tena na watu wa kutosha kuendesha meli tatu. Waliihamisha shehena ya São Rafael, wakaichoma moto meli hiyo katika mafungu yale yale, na kwa siku walizokaa pale watu wa Mtangata waliwaletea kuku wa kubadilishana nao. Huwa najizuia nisiifanye habari hii kuwa ndiyo sababu ya kuithamini Tongoni, maana makaburi mengine yalikuwa yamekwisha kujengwa kabla meli hiyo haijaonekana kwenye upeo wa macho. Hata hivyo napenda kufikiri juu ya machungwa yale. Mtu aliyeyapakia mtumbwini alikuwa na shamba, alikuwa na mji, na kwa uwezekano mkubwa alikuwa na baba au babu aliyelala chini ya mojawapo ya nguzo hizi.

Baadaye mji ulififia. Mapokeo yanasema kwamba katika karne ya 18 walikuja wahamiaji kutoka Kilwa, wakafanya makao karibu na magofu, wakapaita Sitahabu, kwa maana ya kwamba hapa ni afadhali kuliko kule, neno linalotokana na kustahabu, yaani kupendelea. Jina hilo hunigusa kuliko habari yoyote ya wafalme. Ni jina la watu waliochoka, waliofika mahali pa wafu wasiowajua, wakaamua kwamba patawatosha. Na wao pia walizika hapo. Zaidi ya makaburi ishirini kati ya yale yaliyopo ni ya karne ya 18 na ya 19, ya kawaida, bila nguzo wala kaure, na vitabu vya kuwaongoza watalii huyapita kwa nusu sentensi vikisema kwamba hayana la kutazamwa. Mimi sikubaliani navyo. Makaburi hayo ndiyo yanayotueleza kwa nini yale ya kale yalisalia: watu wasio na nasaba na wafu wa Mtangata walikubali kuwalaza wafu wao pembeni yao, na mahali ambapo bado panazikwa ndugu hapachimbwi mawe kwa pupa.

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipita na kuandika juu ya magofu hayo, na miongoni mwa alivyovitaja ni kipande cha kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa kimewekwa katika kaburi. Kigae hicho hakipo tena mahali pake. Karne moja baadaye, mwaka 1957, ilianzishwa Idara ya Mambo ya Kale, na Neville Chittick akawa mhifadhi wake wa kwanza. Tulipopata uhuru tulijitungia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inalinda majengo ya kale. Kwa karatasi, basi, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kung'oa jiwe moja la Tongoni. Tatizo ni kwamba miti haisomi sheria, na bahari haisomi.

Bahari ndiyo inayonitia hofu zaidi. Magofu yako karibu mno na ufuo, na ukanda wa mikoko unaoyavunja nguvu mawimbi umekuwa ukikatwa kwa ajili ya boriti, mkaa na kuni za kuchomea chokaa hiyo hiyo ninayoisifu. Chumvi inayopeperushwa na upepo huingia katika vinyweleo vya matumbawe, na kila inapokauka hukomaa kuwa punje zinazolisukuma jiwe kutoka ndani, mpaka uso wake unabomoka kama mkate mkavu. Baada ya bahari inakuja miche. Ndege hudondosha mbegu ya mtini juu ya ukuta, mzizi hutafuta ufa, na katika miaka michache ufa huo unaweza kupitisha mkono. Mtu mwenye nia njema huukata mti huo juu na kudhani amemaliza kazi, kumbe mzizi ukioza ndani ya ukuta unaacha uwazi, na ukuta hukalia uwazi huo mpaka siku ya mvua kubwa. Na wapo wachimbaji wa usiku, wanaoamini kwamba pasipo dhahabu haliwezi kujengwa kaburi la fahari namna hiyo. Hawajui kwamba Mwislamu huzikwa na sanda yake tu.

Lakini adui niliyemfahamu kwa karibu kuliko wote alitoka nyumbani kwetu.

Babu yangu amezikwa katika makaburi ya familia, mwendo mfupi kutoka Tongoni. Kaburi lake lilizungushiwa ukuta mdogo wa mawe na chokaa, kazi ya mwashi wa kijijini ambaye naye amekwisha kufa. Ukuta ulipoanza kuchubuka, sisi watoto wa mjini tulichanga fedha kwa moyo mkunjufu, tukanunua mifuko ya saruji, tukaleta fundi, naye akaupiga lipu ukang'aa. Alichota mchanga pwani kwa sababu ulikuwa karibu na wa bure. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua, na wote tulipiga picha mbele ya kaburi tukiwa tumeridhika. Masika ya tatu lipu ilianza kutoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kidole. Masika ya tano ilibanduka kwa vipande vikubwa, na kila kipande kilipodondoka kiliondoka na uso wa jiwe la zamani. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyopanda kutoka ardhini yalifungiwa nyuma yake pamoja na chumvi ya mchanga ule wa pwani, na jiwe likageuka unga likiwa ndani ya ganda linalong'aa. Ukuta uliostahimili miaka zaidi ya sitini bila msaada wetu uliharibika kwa msaada wetu ndani ya mitano.

Niliporudi Tongoni baada ya hapo niliitazama kila lipu ya kijivu, mahali popote pwani, kwa jicho jingine. Ukitembea katika makaburi ya kale ya mwambao wetu utaikuta hapa na pale, imepakwa na watu waliopenda kuokoa, na pembeni yake jiwe linatiririka kama mchanga wa saa. Katika mambo yote ninayotamani wasomaji wayachukue kwenda nayo kijijini, hili natamani lisisahauliwe: ukuta uliozaliwa na chokaa hutibiwa kwa chokaa, na mchanga wake ni wa mtoni au wa shimoni, uliooshwa.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulipita, kwa kuwa kila ninapozungumza na ndugu zangu kuhusu makaburi hulileta, na wanalileta kwa haki. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa, na kujengewa. Wapo wanaosema kwamba kwa hadithi hiyo nguzo za Tongoni zilikuwa kosa tangu siku ya kwanza, na kwamba kuziacha zianguke ni kheri. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Ninachokisema ni kwamba hadithi hiyo hiyo inayokataza kujenga inakataza pia kukalia kaburi, na nilipofika safari ya mwisho niliwakuta mbuzi wamelala juu ya nguzo iliyoanguka na vijana wawili wameketi kwenye ukuta wakila miwa. Sikuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wamekaa juu ya mtu. Kuzuia ukuta wa miaka mia sita usimwangukie aliyelala chini yake ni jambo tofauti na kumjengea mtu fahari mpya, na naamini mtu anaweza kulichukia la pili akalifanya la kwanza kwa moyo mweupe. Kwa kaburi la babu, ukoo wetu ulikubaliana hivi: halitaongezwa hata kidole kimoja cha urefu. Litarudishiwa tu kile tulichokiharibu.

Mfano wa kwamba jambo hili linawezekana uko Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini kutoweka, kwa sababu zile zile za bahari, mizizi na kuta zinazobomoka. Kilichoyatoa katika orodha hiyo mwaka 2014 hakikuwa mashine kubwa. Ilirudiwa chokaa, mafundi wa vijiji vya pale wakafunzwa kazi ambayo babu zao waliijua, ikapandwa mikoko na kuwekwa vizuizi mbele ya mawimbi, na wanakijiji wakashirikishwa katika ulinzi. Tongoni haina jina la Kilwa wala wageni wake, na haihitaji sehemu kubwa ya yale yaliyotumika kule. Inahitaji mikoko irudishwe upande wa bahari na uzio wa miti wa kuzuia mifugo. Inahitaji mwashi mmoja au wawili wenye kujua tanu, na mtu wa kijijini anayelipwa, hata kidogo, afagie, ang'oe miche ingali na urefu wa kidole, na aandike kila ufa mpya na tarehe yake. Naisisitiza kazi ya ufagio kwa sababu hudharauliwa. Mche wa mtini hung'olewa na mtoto, lakini mtini mzima huhitaji mhandisi.

Sisi tumeanza na kwetu. Shangazi, ambaye sasa huketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya makaburi badala ya kuinama na jembe, alitutajia waliolala chini ya mawe yasiyo na alama, jiwe baada ya jiwe, nami nikaandika katika daftari la shule na kuchora ramani yake kwa penseli: huyu ni mke mdogo wa babu, huyu ni mtoto aliyekufa kwa surua, huyu alikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge akaumwa, hakuwa na ndugu, babu akasema azikwe na sisi. Kwenye jiwe la mwisho, karibu na mpaka, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakumbuki ni nani, ila marehemu mama yake alikuwa akimsalimia. Nikaandika hivyo hivyo.

Ganda la saruji tumelitoa kwa patasi ndogo, taratibu, kazi ya siku nne. Chokaa tuliipata kwa mzee mmoja anayechoma bado, tukaizima mwezi wa Rajabu, na sasa imo shimoni nyuma ya nyumba, imefunikwa magunia yenye maji na makuti juu yake. Vijana wanataka kuitumia kabla ya Ramadhani. Shangazi amekataa, anasema haijatulia, na kwamba hakuna atakayeigusa mpaka Mfungo Mosi. Kila jioni mmoja wetu huenda kuyanyunyizia magunia maji.